Mlio wa Simu ya Daktari Tuone

Kazi yangu ni kufundisha watu kuendesha gari, kwa hiyo woga naujua. Miaka nenda miaka rudi nimekaa kiti cha pembeni, mguu juu ya breki ya mwalimu, nikimwangalia mtu mzima na heshima zake akitokwa na jasho jembamba kwa sababu tu mbele kuna mzunguko wa barabara. Namfokea kidogo, namtania kidogo, mpaka mikono iache kutetemeka. Mtu angeniambia kwamba mke wangu, daktari wa ngozi, mtu wa vitabu na miwani, ndiye atakayenitia woga wa kushindwa kushika kikombe cha chai, ningemwambia aende zake huko.

Hospitalini wanamwita Daktari Tuone, kwa sababu ya neno lake. Mgonjwa akiingia, hata kitako hakijagusa kiti, yeye ameshasogeza miwani puani: hebu tuone. Nyumbani ni hivyo hivyo. Nyanya za sokoni, hebu tuone. Kijana aliyetaka kumwoa binti yetu alipoletwa kujulishwa, mke wangu alimshika mkono akaugeuza kiganja juu, hebu tuone, na kijana wa watu akadhani anatabiriwa bahati. Alikuwa na fangasi tu. Alipewa dawa, akapewa na binti.

Makala yake ya kwanza ya utafiti ilihusu vipele vya miguuni vinavyoletwa na kandambili za rangi. Aliiandika kwenye meza yetu ya kulia chakula, na kandambili zangu mwenyewe zilikatwa vipande kwa ajili hiyo. Ilipotoka aliisoma yeye, nikaisoma mimi bila kuelewa kitu, na nadhani wasomaji wakaishia hapo. Ikafuata ya rangi za nywele, kisha ya sabuni za kufulia. Zote zilizama kimya. Yeye hakujali, au alijifanya hajali, kwa maana wagonjwa walikuwa wengi na kliniki haikuwa na muda wa majivuno.

Halafu ikaja ile ya dawa ya kupaka. Kuna ugonjwa wa ngozi unaowapata watoto: linatokea baka, linang'aa, kisha ngozi ya pale inakakamaa kama kiatu kilichoachwa juani. Likitokea tumboni, mtoto anaweza kuishi nalo. Likikaa juu ya kiungo, kiwiko au goti, kiungo kinajikunja polepole, na ukichelewa hakinyooki tena maisha. Sindano za kuuzuia zipo, ila ni kali, zinamtapisha mtoto na zinataka damu ipimwe mara kwa mara. Mke wangu akaijaribu dawa ya kupaka, laini, isiyo na kero, kwa watoto wa kliniki yake, akawapiga picha kabla na baada. Picha zilionyesha mabaka yakififia. Akaandika kuwashauri madaktari wenzake waanze na ya kupaka, wawe na subira, wasikimbilie sindano.

Jamani, makala hiyo ilitembea. Mtafiti mwingine akiandika yake na kuitaja ya kwako kuwa msingi wake, wenyewe husema umenukuliwa, na wasomi wanahesabiana hayo kama washabiki wanavyohesabiana mabao. Mke wangu alinukuliwa mpaka nikachoka kusikia. Wanafunzi wake, ambao wengine leo wana vyeo vikubwa kumpita, waliibeba kila walikokwenda kufanya kazi. Ikaingia kwenye mwongozo wa matibabu, ikaingia vitabu vya kufundishia. Mmoja wao akamwekea kitu kwenye simu: kila makala ile inapotajwa mahali popote duniani, simu inalia tii. Tunakula, tii. Tuko msibani, tii, na mimi namkanyaga mguu aizime. Nyumbani nilikuwa nikiusikia mlio huo nanyoosha mikono yote juu na kupiga kelele, "Bao!" naye anacheka kwa aibu na kunitupia kitambaa cha mezani.

Mjukuu wetu, mtoto wa binti yetu, mchezo huo aliudaka mara moja. Namwita Mke Mdogo, na bibi yake anamwita mke mwenza, kama babu na bibi wanavyotaniana na wajukuu. Wanaishi mji mwingine, safari ya nusu siku. Akija kututembelea, simu ikilia tii anaacha hata chakula mdomoni na kurusha mikono juu: bao, Bibi!

Mwanzoni mwa mwaka Mke Mdogo akatokewa na baka kwenye kiwiko cha kushoto.

Binti yetu alipiga simu akilia. Mke wangu akamtuliza. Mji wao ulikuwa na daktari wa ngozi, kijana aliyefundishwa na mmoja wa wanafunzi wake, kwa hiyo tuseme mjukuu wa kisomo. Akamwanzishia mtoto dawa ya kupaka kama mwongozo unavyotaka. Mke wangu alisema vizuri, hivyo hivyo, na binti yetu alipouliza kama mambo ya sindano hayahitajiki, mama yake alimjibu mbele yangu: tulia, mwanangu, dawa hiyo ni yangu. Niliona fahari. Niliwaambia hata wanafunzi wangu wa gari.

Sasa mwaka huohuo kamati ikataka kumpa mke wangu uprofesa. Alitakiwa kusimama ukumbini aeleze kazi zake zote na jinsi zilivyowasaidia wengine, na picha zionyeshwe ukutani, kubwa. Jumamosi moja asubuhi alikuwa mezani na kompyuta akizitayarisha. Mimi nilikuwa upande wa pili wa meza hiyo hiyo, namenya viazi.

Lazima nieleze utaratibu wao mmoja, la sivyo hutaelewa. Picha ya mgonjwa haichapishwi nzima. Inakatwa. Unaondoa uso, nguo, ukuta, kila kitu ambacho kingeweza kumtambulisha mtu, unabakiza ngozi peke yake. Ni kumwekea mgonjwa heshima yake, na mke wangu kwa hilo alikuwa mkali kama pilipili, hata wanafunzi walimwogopa. Zile zilizokatwa zilikuwa ndogo mno kwa ukumbi. Akazitafuta za asili, nzima nzima, ambazo hakuwa amezifungua tangu makala itoke. Alikusudia kuzikata upya. Akazipanga, kabla kushoto, baada kulia.

Mimi niliendelea na porojo zangu za mpira, nikaona sijibiwi. Kuinua macho, amejiziba mdomo kwa mkono, na uso umemshuka kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba.

"Angalia ukuta," akaniambia.

Nikazunguka meza na kisu changu cha viazi. Upande wa kushoto, nyuma ya kila mtoto, ukuta ulikuwa wa kijani na mwanga ulitoka kwenye taa ya mrija juu. Upande wa kulia, nyuma ya watoto wale wale, ukuta mweupe, dirisha kubwa, pazia jepesi. Wote. Hakuna hata mmoja aliyevuka mstari. Nikakumbuka: paa la kliniki ya zamani lilivuja katikati ya ule utafiti, wakahamishiwa upande wa pili wa korido, na sote tulishangilia kwamba hatimaye wamepata chumba chenye hewa.

Nikamwambia basi, walihamishwa, kosa lake liko wapi? Akanieleza taratibu, kwa sauti ya mtu anayejisemea. Ngozi iliyokakamaa unaijua kwa kung'aa kwake na kwa kivuli kinachoketi ukingoni. Taa kali ikiipiga kutoka juu, inang'aa, kivuli kinaonekana. Mwanga laini wa dirishani ukiifikia kwa ubavu, mng'ao unakufa na kivuli kinapotea. Na yeye hakutaka kujipendelea. Aliogopa kwamba vidole vyake vitahisi anachotamani kuhisi, kwa hiyo uamuzi aliwaachia madaktari wa mbali, wasiowajua watoto wala wasioambiwa ipi ya mwanzo na ipi ya mwisho. Waliletewa ngozi tupu iliyokatwa vizuri. Ukuta hawakuuona. Hata mwenyewe, baada ya kukata, hakuuona tena.

"Inawezekana dawa inafanya kazi kweli," nikasema.

"Inawezekana," akajibu. Kisha akasema jambo ambalo mimi, na ujanja wangu wote, nilikuwa bado sijalifikia. "Kiwiko cha mtoto."

Siku mbili nyuma tulikuwa tumeongea na Mke Mdogo kwa video, akatupungia mkono wa kushoto, na nilidhani anafanya madaha kwa jinsi alivyoukunja.

Tulikwenda hospitalini mchana ule ule. Niliendesha mimi, mwalimu wa udereva, na gari lilinizimikia mara mbili kabla ya kutoka getini kama mtu wa somo la kwanza. Chumba cha zamani sasa ni stoo: vitanda vibovu, magodoro yaliyochanika, harufu ya ukungu. Ukuta bado ni wa kijani. Taa ya mrija ilikataa, ikapepesa, ikawaka. Mke wangu alitoa kamera ile ile ya zamani kutoka kabati la ofisi yake na kuniambia nikunje shati.

Mkononi nina kovu. Niliungua na maji ya rejeta siku mwanafunzi mmoja kiherehere alipofungua mfuniko gari likiwa limechemka. Kovu lenyewe ni gumu, linang'aa, halijapakwa dawa ya mtu yeyote tangu liwe kovu. Akalipiga picha chini ya taa. Tukavuka korido hadi chumba kipya, nikakaa kwenye kiti cha wagonjwa karibu na dirisha, akalipiga tena. Akaziingiza kwenye kompyuta ya ofisini, akazikata kama anavyokata, ngozi peke yake, akaziweka sambamba.

Nilikuwa nimepona. Naapa, kovu langu la miaka yote lilikuwa limefifia, limelainika, kingo zimeyeyuka. Ungelipenda. Nikaangalia mkono, nikaangalia picha. Nikajaribu kutania kwamba basi nimeponea koridoni, bila foleni. Hakucheka. Alikaa chini kwenye kiti cha wagonjwa, yeye ambaye sijawahi kumwona amekikalia.

Pale pale simu yake ikalia, tii. Mahali fulani mtu mwingine alikuwa ameitegemea. Zamani ningepiga kelele. Safari hii mikono niliiacha chini.

Alimpigia kwanza binti yetu, akamwambia bila kuzunguka: mwanangu, achana na ile dawa, mtoto aanze sindano. Binti akachanganyikiwa, akauliza mbona mama ulisema nitulie. Mama yake akasema ndiyo, nilisema. Akaomba namba ya daktari wao na akampigia, sauti ikiwa wazi ili nami nisikie. Kwa haraka aliyokuwa nayo alijitambulisha kama bibi wa mtoto, basi.

Yule kijana alikuwa mpole, tena mwenye adabu, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Angekuwa na jeuri ningemfokea.

"Bibi, nakuelewa una wasiwasi," akasema. "Lakini kwa heshima zote, utafiti uko wazi. Tunaanza na ya kupaka, tunasubiri. Sindano si mchezo kwa mtoto mdogo. Hata picha zipo, ningekuwa karibu ningekuonyesha."

"Nilizipiga mimi," mke wangu akasema.

Akamtajia jina lake lote kama lilivyo kwenye makala. Kisha akamweleza ukuta wa kijani na dirisha, na kovu la mume wake, bila kujitetea hata neno moja. Nilimsikia yule kijana akivuta pumzi. Nilidhani atauliza juu ya mjukuu wetu.

"Mwalimu," akasema, na sasa hakuwa bibi tena, "nina watoto wengine kwenye dawa hiyo. Kuna mmoja goti lake limeanza kujikunja, na mimi nimekuwa nikimwambia mama yake avumilie. Nimwambie nini?"

Mke wangu alifumba macho. "Mwambie aliyeandika alikosea. Waanze sindano Jumatatu. Usisubiri jarida liseme, litachelewa."

Tulipokata simu akaniuliza, kwa sauti ndogo sana, kama najua ni zahanati ngapi zina daktari mpole kama huyo. Tangu nizaliwe nimeogopa mengi, ajali, maradhi, mkuu wangu wa kwanza wa kazi, ila vyote vilikuwa na mahali pake. Hiki hakikuwa na mahali. Kilikuwa kila penye mtu aliyesoma na kuamini.

Jumatatu alikwenda kwa mkuu wa idara yake. Huyo bwana, ambaye nimemkaribisha kwangu na amekula akashiba, alimshauri asifanye papara. Sherehe iko mlangoni, alisema, chukua uprofesa kwanza, halafu urudie utafiti taratibu, na kama kuna kasoro utaiandika kwa lugha ya staha. Mke wangu alinisimulia bila hasira. Hasira nilikuwa nazo mimi, nilitaka nikamtoe ofisini kwa kola. Yeye alikuwa amemjibu tu kwamba kiwiko hakijui sherehe, akatoka, akaandika kuliomba jarida liifute makala yake, na akaiambia kamati isimwite.

Jarida lilifuta, baada ya kuulizana naye mpaka basi. Juu ya kila ukurasa sasa pamepigwa mstari na neno kwamba imeondolewa. Korido zikawa na maneno. Wale waliokuwa wakipanga foleni kumsalimia wakawa wanavaa miwani ya mbao, wanampita kama hawamwoni, na mtani mmoja asiye na haya akambatiza Daktari Hatukuona. Baadhi ya wanafunzi wake walipiga simu kumlaumu, maana nao walijenga juu ya msingi wake na nyumba zao zilikuwa zinabomoka. Aliwasikiliza wote. Hayo hayakumtisha. Kilichomtisha ni kwamba simu haikuacha kulia. Makala imefutwa, na bado watu wananukuu, kutoka kwenye kitabu cha zamani, kutoka kwa mwenzao, kutoka kichwani. Nilimsihi auondoe mlio ule tupate kulala. Akakataa. Alisema bila huo hatajua nani bado anasubiri. Kwa hiyo kila ikilia tii, anatafuta nani kaandika, wako wapi, anawapigia, anaanza: samahani, mimi ndiye niliyekosea. Wengine wanashukuru. Wengine wanadhani ni tapeli.

Tulikwenda kumwona Mke Mdogo baada ya miezi kadhaa ya sindano. Njia nzima nilishika usukani kama nilivyowakataza wanafunzi wasishike, vidole vimekaza hadi vinauma. Binti yetu alitufungulia mlango amekonda. Mtoto naye amekonda, zile sindano zilikuwa zimemtapisha kweli, lakini alikuja mbio na kuniparamia mgongoni akidai zawadi zake. Binti alisema mkono unaendelea vizuri, anaona nafuu, hata picha amepiga kwa simu yake, mama atazame. Mama yake hakuipokea ile simu.

Akaomba mapazia yafungwe. Akakaa kitandani, akamweka mjukuu mapajani, akafumba macho. Hakusema hebu tuone. Vidole vyake vikapanda taratibu kutoka kifundo cha mkono, vikafika kwenye kiwiko, vikakaa hapo. Mtoto akaniuliza kwa kunong'ona kama bibi amelala.

"Imelegea?" nikauliza, roho mkononi.

"Sijui," akasema. "Natamani sana iwe imelegea. Siwezi kujiamini. Shika wewe."

Nikashika. Sina elimu yoyote ya ngozi, mimi nina mikono ya usukani. Niliunyoosha mkono wa mjukuu wangu pole pole, ukaja, ukaja, kisha ukasimama, na yeye akakunja uso. Haukuwa umenyooka. Mke wangu, macho bado yamefumbwa, akauliza umefika wapi, nami nikashindwa kusema, maana sikujua mwanzo ulikuwa unafika wapi, na niliogopa kukisia.

Ndipo mkobani simu ikalia. Tii.

"Bao, Bibi!" Mke Mdogo akapiga kelele, na kabla sijamziba mdomo akarusha mikono yote juu kama nilivyomfundisha. Wa kulia ulikwenda moja kwa moja darini. Wa kushoto ulifika usawa wa sikio ukaishia hapo, umekunjwa, na yeye akabaki hivyo hivyo akicheka, akitungoja tushangilie pamoja naye.

Mke wangu alifumbua macho akaitazama ile mikono miwili. Akambusu mtoto kwenye kiwiko, akamshusha chini, akatoa simu mkobani kuangalia ni nani safari hii. Kisha akatoka barazani kuwapigia.